Gari limeanika chimbo langu

Yustina shoga, nimeumbuka hapa Guangzhou mpaka nacheka peke yangu.

Unajua ninavyolificha chimbo langu la magauni, kile kiduka cha bei poa pale soko la nguo la Shisanhang. Hata Herieth ninayelala naye chumba kimoja huwa namuaga naenda kanisani.

Nikajiona mjanja. Teksi za kawaida nikaziacha, maana dereva ana mdomo. Nikawa naita yale magari yasiyo na dereva. Gari litamwambia nani?

Kumbe lina macho kila upande. Kila safari linapiga picha mitaa kwa ajili ya ramani ya kampuni, linajifunza abiria wanapenda kushukia wapi. Na mimi ndiye niliyelizoesha kuingia mpaka uchochoroni, kisa uvivu wa kubeba marobota.

Leo najipima gauni pale dukani, Herieth huyo mlangoni. Herieth, Yustina. Mlangoni kabisa.

“Nimeandika Shisanhang tu, gari likanishusha hapa. Simu inasema wanunuzi wengi hushukia hapa. Kumbe ndilo kanisa lenyewe?”

Nikajifanya nahangaika na zipu ya gauni.

“Basi nitambulishe kwa mchungaji.”

Ningefanyaje, shoga? Nikamtambulisha kwa laoban, mwenye duka. Naye alikuwa ameshamvutia Herieth kiti.