Alama ya Mizinga Yako kwenye Nembo ya Mji

Nyuma ya Duka la Kaltun,
Njia ya Kasikeu,
Makueni.
11 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Muthama,

Ni mimi. Lile swali uliloniuliza kwenye simu Jumapili, kwamba ni nani ameiandika alama yako kwenye chupa za asali ya sukari, nami nikasema mtandao unakatika: mtandao haukukatika, Mjomba. Nilibonyeza mwenyewe nikakata, kwa sababu jibu ni mimi.

Lakini nimeanza bila hata kukusalimia, na mama angenikemea. Hujambo? Mguu uliokusumbua siku ya harusi yetu unaendeleaje? Aunti Kavata naye, kifua chake kimepoa? Mvua imefika huko Ikutha? Huku imenyesha siku nne, ndengu zimechipua, na mimi na Mwangangi tu wazima kwa neema ya Mungu.

Tena mimi si mzima tu, nina furaha ya kunitia aibu. Tangu Agosti naamka kabla yake ili nimtazame akilala. Vidole vyake vina rangi ya mabango hata Jumapili kanisani, na akipiga mluzi huko nje nasahau chai jikoni inafurika. Sikuambii haya ili nijitetee. Ndiyo yaliyonipotosha.

Mji wetu huu mdogo ulitaka nembo, na kamati ikawaomba wachoraji walete michoro. Mwangangi alichora ngao, na ndani yake kilima, mmea wa ndengu, upinde na mzinga wa gogo. Ilipendeza, ila aliutazama mzinga akakuna kichwa. "Mzinga wangu uko uchi, mpenzi," akasema. Nikamnyang'anya penseli huku nikicheka, nikauchorea mistari mitatu na kona moja chini ya mistari.

Unajua nilichora nini. Nilikuona ukiichoma alama hiyo kwa chuma cha moto kwenye kila mzinga kabla haujapandishwa mtini. Uliniambia ni ya ukoo wenu, kwamba baba yako aliipokea kwa baba yake, na kwamba mtu akiiona porini hagusi asali kwa sababu anajua ni ya nani. Mimi hata si wa ukoo huo. Ni mtoto wa dada yako tu, uliyemruhusu kutazama. Nilijua, Mjomba. Lakini Mwangangi alinibusu kwenye paji la uso akasema nina kichwa cha ajabu, nikanyamaza.

Nembo yake ikashinda. Siku ya kuionyesha, mwenyekiti wa kamati alitaka maana ya kila kitu. Mwangangi akamweleza: kilima ni uvumilivu, ndengu ni jasho letu, upinde ni ulinzi. "Na hiyo mistari kwa mzinga?" Mume wangu akanigeukia kwa yale macho yake. Nilisimama mbele ya mji mzima nikasema mistari mitatu ni imani, kazi na amani, na kona ni barabara inayotuunganisha na ndugu zetu wa Kitui. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaitikia, "Amina!"

Kaltun peke yake hakupiga. Ndiye mwenye nyumba tuliyopanga, na kwao Garissa ni wafugaji wa ngamia. Kesho yake nilipoenda dukani kununua unga akaniuliza, "Bibi arusi, kwetu alama haikai kwa ngamia bila mwenyewe. Hii ni ya nani?" Nikamwambia ni pambo tu. "Pambo?" akasema, akinipimia unga. "Haya. Ngoja mwenyewe aione."

Sasa iko kwenye lango la soko, iko kwenye gari la taka, iko kwenye milango ya choo cha umma, ya wanaume na ya wanawake. Na wauza asali wameibandika kwenye chupa zao, maana ni nembo ya mji na kila mtu anasema ana haki nayo. Ndani ni sukari iliyochemshwa. Sikujua zimefika mpaka Ikutha, na kwamba watu wameonja wakasema Muthama ameharibika. Wewe ambaye hujawahi kuongeza hata tone la maji kwenye asali ya mtu! Uliposema wazee wa ukoo watakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wakuulize ulimuuzia nani alama yao, sauti yako ilikuwa ndogo. Sijawahi kuisikia hivyo.

Jana nilimwambia Mwangangi. Alikoroga uji wake mpaka ukapoa. "Kwa hivyo nimepigiwa makofi kwa kitu cha watu," akasema. Nikalia, naye hakunibembeleza, mara ya kwanza tangu tuoane. Leo asubuhi ameenda kwa mwenyekiti akamweleza yote. "Rangi imekauka, kijana," akajibiwa. Kamati haitaifuta mpaka ipate neno la wazee wenyewe kwamba alama ni yao.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba tu usiwajibu wazee ukiwa peke yako, wala usibebe lawama ili kunificha. Nakujua.

Nisalimie Aunti Kavata, na Nzilani, na mtoto wa Wayua ambaye sijamwona. Mungu akushike kila unapopanda mtini, na akushushe salama.

Tarehe ishirini na tisa nitakuwa hapo kabla wazee hawajaketi, na nitasema mbele yao nilichofanya. Mwangangi amesema tutakuja pamoja, na hatapaka bango lingine mpaka turudi. Kabla mwezi huu haujaisha, Mjomba, utatuona mlangoni, hata kama hutatufungulia.

Mpwa wako anayekupenda na kukuonea haya,
Kanini