Nyumba Chini ya Tuta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile niliyoisahau kwenye simu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na kuku wanakutii. Mimi ni mzima, kitambi kinakuja chenyewe bila kualikwa, na bado ndimi mlinzi mkuu wa bwawa, ingawa mlinzi mdogo pia ni mimi.

Bwawa ni lile la tuta la udongo nililokueleza, ambalo maji yake yananywesha bustani zote za hapa. Nimetembea, Mama, nimeona mabwawa ya saruji ya kutisha, lakini tuta langu ukilipiga teke, mguu ndio unaoumia.

Wiki iliyopita alikuja mhandisi wa maji, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, kulipanga bwawa daraja lake la hatari. Miaka yote limekuwa daraja la chini, yaani likipasuka litaua nyasi tu. Watu wa bustani wakaniwahi. Wakanieleza kwamba ile nyumba niliyokujengea bondeni ikihesabiwa kuwa makazi, daraja litapanda, na maji yatapunguzwa nusu mpaka tuta liimarishwe. Mboga zao zingekauka. Wakaniomba, kwa upole wa watu walioshika majembe, niseme ni stoo. Nikakubali. Uongo wa kimo hicho mimi naumeza bila maji. Tukajaza majembe ndani.

Mhandisi akalikagua tuta na kulisifu, nami nikapokea sifa kana kwamba nimelizaa. Kisha akachungulia stoo. Akauliza ni jembe gani linalohitaji pazia la maua. Nikamjibu kwamba majembe yetu hayapendi jua. Watu wa bustani wakatazama viatu vyao. Yeye hakucheka. Akasema hata tuta zuri hupasuka, na daraja halipimi uzuri wa tuta, linapima nani yuko chini yake. Halafu akaniuliza polepole, "Siku maji yakishuka, humu atakuwa amelala nani?"

Mama, nimewadanganya maaskari wa mipaka mitatu, lakini hapo ulimi uligoma. Nikasema, "Mama yangu."

Akaandika daraja la juu kabisa. Hujafika, tayari umelipandisha bwawa cheo.

Siku ile hakuna aliyenisalimia. Kesho yake nikapanda juu ya paa, nikaanza kung'oa mabati huku naimba vibaya, maana bondeni pasipolala mtu, daraja litashuka. Bwana Bilinganya, msemaji wa bustani, akanitazama weee, kisha akaniambia niteremke kabla sijavunjika shingo na kuwaletea mkosi mwingine. Wakabeba wenyewe mabati, milango na matofali hadi kilimani, nyumba ijengwe upya huko maji yasikofika.

Kwa hiyo, Mama, ile nyumba niliyokuapia kwamba imekwisha na inakusubiri wewe tu, leo ni rundo. Njoo hivyo hivyo. Utalala chumbani kwangu, mimi nitalala stoo, ile ya kweli, na majembe. Kilima kitakuchosha, utanisema kutwa nzima, nami nitakusikiliza kwa raha. Pazia nimelifua.

Msalimie dada, mwambie apunguze kunicheka. Nakubusu mikono.

Mwanao,
Mlinzi Mkuu wa Bwawa, na kwa sasa wa rundo la matofali