Shati Lako Halijakauka

Mwalimu Mwita,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nikianza bila hiyo ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyozoea.

Naandika mbio mbio. Ni Robi. Yuko hai! Nasema hilo kwanza usije ukahangaika huko uliko. Yuko hai, lakini leo nusura tumuue, tena kwa kumsaidia.

Tangu tukuzike amekuja mwalimu mkuu mpya kutoka Tarime. Si mtu mbaya. Mchakamchaka anaimba kuliko watoto. Ila wimbo wake ni mmoja: "Katika kijiji cha ujamaa hakuna kupe." Basi akamkuta Robi pale ulipomweka, mlangoni penye upepo, kavaa lile shati lako jeupe juu ya gauni la shule, limelowa chapachapa. Mke wako ndiye aliyempa baada ya msiba. Saa ya shamba akamkuta tena anabeba maji, wenzake wako na majembe. Akaniita. "Ndugu Marwa, huyu binti mgonjwa au mvivu?"

Nikamwaga yote, unanijua nikianza kusema. Kwamba si mgonjwa, si mvivu, kazaliwa hivyo. Kwamba wewe mwenyewe ulimpeleka misheni, daktari akakwambia ngozi yake haitoi jasho, ni kitu kilichomo kwenye damu ya ukoo, ndiyo maana hata meno yameota manne tu, yamechongoka. Joto likimwingia halina pa kutokea, lazima alowe. Akanitazama weee.

"Udaktari umesomea wapi?"

Nimesoma darasa la saba, Mwalimu. Ualimu wenyewe nimejifunza kwa kukutazama wewe.

Robi akajua anatazamwa. Akanifuata nyuma ya darasa. "Mwalimu, mimi nitalima tu. Nisipolima nitafukuzwa." Nikamkataza. Wale wavulana wa nyuma bado wanamwita Bibi, "Bibi, meno umemwazima nani?" Siku hizi anawajibu, "Nimeyaficha, usiku nakuja kukung'ata." Ungecheka. Lakini kufukuzwa shule, hapo hana utani.

Leo palizi ya pamba. Mkuu kanipeleka upande wa pili na watoto wa darasa la kwanza, na Robi kamwingiza kwenye mstari na jembe. Shati kavu! Nasikia tu kelele. Nikakimbia, nikakanyaga pamba, sijali. Nakuta kalala kati ya mistari, macho yamegeuka, mwili unachoma kama sufuria.

Na watu wamemzunguka. Wema wote wa kijiji ulikuwa pale. "Homa hiyo! Mfunikeni jasho litoke!" Mama mmoja kaleta blanketi kutoka nyumba ya jirani. Mkuu mwenyewe kavua koti, kaliweka juu. Wanamfunika, wanakandamiza pembeni upepo usipite. Mwalimu, nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mzee mmoja akanisukuma, "Mura, kijana, toka hapa, hujazaa wewe!"

Mara mama yake Robi akatokea, katoka mashamba ya chini anakimbia. Kashika blanketi, kalitupa kule, na koti la mkuu likaenda nalo.

Maji! Nikatafuta ndoo. Hakuna maji. Nani angeleta? Mleta maji ndiye huyu tumempa jembe!

Hapo ndipo wale wavulana wa nyuma walipochomoka kwenda kijitoni. Hawana hata kibuyu. Wakavua mashati, wakayachovya, wakarudi yanachuruzika, wakamfunga nayo mwili mzima. Wakaenda tena. Na tena. Yule mtukutu zaidi kampigia magoti, analia, "Bibi, amka bwana, nani ataning'ata?"

Akafumbua macho.

Mkuu akainama kumshika paji la uso, pale ambapo maji hayajafika. Vumbi tupu. Na yeye jasho linamdondoka puani. "Hata tone," akasema, taratibu. Halafu akasimama. "Basi akae nyumbani mpaka apone."

Haponi! Nilitaka kusema, lakini mama yake akaniwahi. "Nyumbani ndiko alikofia mdogo wake, tata, baba yangu. Nilimfunika mimi, kwa mikono hii, nikingoja jasho. Huyu kaishi kwa sababu ya shule. Kwa sababu ya marehemu."

Mkuu akaokota koti lake, akalikung'uta muda mrefu, udongo ulishatoka zamani.

"Kesho aje," akasema. "Arudi kwenye maji yake. Lakini wewe, Ndugu Marwa, akianguka tena nakudai wewe."

Sawa. Anidai.

Ila naogopa, Mwalimu, sikufichi. Kiangazi kinaingia, kijito kimebaki madimbwi, na wewe ndiye uliyejua kumtazama huku unafundisha hesabu. Mimi nikisisimka na somo nasahau hata jina langu. Kwa hiyo nimehamisha meza yangu. Nafundishia mlangoni sasa, mkono wangu unafika begani kwake. Shati likianza kukauka nitajua kabla yake.

Lala, Mwalimu wangu. Lala bila wasiwasi. Mpaka amalize la saba, shati lako halitakauka. Hata kama maji nitayafuata kule mbali Morotonga kwa miguu.

Kijana wako,
Marwa