Jiwe Lisilosikika Nje

Mama,

Leo nimenunua jiwe la kunolea visu. Nimelileta nyumbani limeviringishwa kwenye kitambaa kama kitu cha wizi. Ungeniona ungenicheka kwanza, halafu ungenyamaza. Sasa nimekaa uani, jiwe limelala ndani ya beseni, kwa sababu muuzaji amesema linywe maji hadi lisitoe mapovu tena. Kwa hiyo ninao muda wa kukueleza jambo ambalo sikukueleza ulipokuwa hai.

Nianze na habari za nyumba. Arobaini yako ilikwenda vizuri, watu walikula wakashiba, ila wapishi walinitia aibu. Mama Asumini, jirani yetu yule yule wa nyuma ya ua, alishika kisu changu akate kitunguu, kitunguu kikapondeka. Akaniuliza mbele ya wote, "Mama Zaina, hapa kwenu munakataka na kijiko?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Sikusema kwamba jiwe la nyumba hii ni lile ulilonipa mwenyewe, na kwamba visu vyangu nimevisugua juu yake kila Ijumaa tangu utoto.

Juma lililopita hakuna aliyecheka. Mjukuu wako Zaina alikuwa anamenya muhogo. Kisu kilikataa kuingia, akakikandamiza kwa nguvu zote, kikateleza kikamchoma mkono wa pili, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Damu ilijaa sahani. Muuguzi aliyemshona alinitazama kwa ukali. "Kisu yenye haikate njo inaumizaka watu, mama. Noa visu yako."

Nikaitikia ndiyo. Lakini naogopa kunoa, Mama. Naiogopa ile sauti.

Unaikumbuka siku ya samaki. Ilikuwa miaka ya vita, chumvi haionekani mjini, na Baba alikuwa amebahatisha samaki mmoja mzima. Wewe ulishuka mtoni kuteka maji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilitaka urudi umkute samaki ameshapasuliwa. Nikachukua kisu chako na jiwe la zamani, lile la kijivu, nikanoa chini ya dirisha mchana kweupe. Lilikuwa linalia hadi barabarani. Niliposikia viatu nikasukuma kisu na jiwe chini ya beseni. Wakaingia watu wanne wenye bunduki, wakauliza nani ananoa panga, na anamnolea nani. Mdomo wangu ulikataa kufunguka. Baba akatokea mlangoni, mguu mmoja una sandali, mwingine mtupu. Akasema, "Ni mimi njo nilikuwa nanoa."

Wakaenda naye. Sandali ya pili hawakumwacha aivae. Hatukumwona tena.

Ulirudi na ndoo kichwani ukaniuliza imekuwaje. Nikakuambia Baba alikuwa ananoa kisu. Hivyo ndivyo nilivyokuambia, na hivyo ndivyo ulivyowaambia watu hadi unakufa. Nilikudanganya. Aliyekuwa ananoa ni mimi.

Kesho yake ulilitupa lile jiwe mtoni. Baada ya siku chache ukaleta jingine, jeusi, laini, ukaniwekea mkononi. "Wewe, unoaka na hii. Hii haisikike inje." Tangu siku hiyo nimejua kuchagua jiwe kwa njia moja tu. Nalisugua, nasikiliza, likitoa sauti naliacha.

Leo sokoni nilifanya vile vile. Muuzaji wa kufuli na misumari alinipangia mawe matatu, nikayainamia na kuyasikiliza yote, nikachagua lililokuwa kimya kuliko mengine. Akanishangaa. Nikamtolea lile jeusi lako nimwonyeshe ninachokitaka. Akalipitisha kucha, akalimwagia maji, yakateleza yote chini. "Hii haina meno, mama. Utasugua mpaka mwaka iishe. Nani alikupatiaka?" Nikamjibu, mama yangu. Akauliza kama ulikuwa unayajua mawe.

Mama, nilikaa palepale juu ya gunia lake la misumari. Wewe, uliyepasua samaki bandarini tangu usichana wako! Wewe ambaye wenzako walikuletea mawe uwachagulie, ukiyapima kwa dole gumba tu! Ulijua jiwe lile halinoi kitu. Ulinitazama Ijumaa zote hizo nikisugua na hukusema neno. Na kwa nini ulinipa mimi, kama kweli uliamini ni Baba aliyenoa? Miaka yote nilidhani nakuficha.

Muuzaji alinichagulia jiwe lenye nyuso mbili, mmoja wa kukwaruza wa kurudisha makali, mwingine mwororo wa kumalizia. Refu kuliko kisu chenyewe. Akaniambia nilitandikie kitambaa kibichi lisitembee. Alilijaribu mbele yangu na likalia, nami nikatazama barabarani.

Huku redio inataja vita tena, wakimbizi wanaingia mjini na vifurushi vyao, na mimi nataka kunoa kisu uani kwangu. Mapovu yamekwisha. Naweka kalamu.

Nimerudi, Mama.

Nilinoa. Zaina alikaa kando yangu na bendeji yake. Mara ya kwanza nilipovuta kisu niliacha nikasikiliza barabara, mara ya kumi nikaanza kuona makali. Halafu nikasikia viatu, vinakuja moja kwa moja uani kwetu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukasukuma kisu kuelekea chini ya beseni. Zaina akainuka akatazame nani. Nikamvuta nyuma yangu nikasimama, nikapiga kelele kabla sijaulizwa. "Ni mimi! Mimi njo nanoa!"

Alikuwa Mama Asumini. Amebeba visu viwili ndani ya kikwembe chake cha kiunoni, butu kuliko vyangu. "Nilisikia," akasema. "Noa na yangu." Kabla ya kukaa alitazama barabarani, kama mimi. Tukakaa, hakuna aliyemcheka mwenzake.

Bado naogopa, nisikudanganye tena. Lakini mkono wa Zaina ukipona nitamfundisha kunoa, mchana, hapahapa uani, na nitamweleza babu yake alitoka mlangoni na sandali moja kwa ajili ya nani. Jiwe lako jeusi sitalitupa.

Lala salama, Mama. Ukimwona Baba, mwambie nimesema.

Mwanao,
Salima