Kiganja cha Baba Ngomeni

Kaka yangu,

Sisi wazima. Goti la Mama limepata nafuu, hata Jumamosi alipanda mwenyewe ngazi zote za ngome ya kilimani. Alitaka kuutazama mji kutoka juu, na kuuona ukuta ambao marehemu Baba aliujenga upya ulipoporomoka.

Unakumbuka waashi walivyokuwa wakimaliza kazi: fundi mkuu anabandika kiganja kwenye chokaa mbichi. Kiganja cha Baba bado kipo, kina vidole vinne tu. Mama akaweka mkono wake juu yake.

"Wee mama, usiguse!" akafoka mtembeza wageni. "Huu ni mkono wa askari aliyekatwa kidole vitani, miaka mia tatu iliyopita."

"Askari gani?" Mama akamuuliza. "Kidole hicho kilipondwa na jiwe, na kidonda nilikifunga mimi."

Wageni wakacheka. Kaka, walimcheka mama yetu!

Damu ilinichemka. Nikamuuliza yule bwana uongo huo kautoa wapi. Akanipa kitabu chao cha maelezo, ukurasa wa tisa. Nikakigeuza nyuma nimjue mwandishi, nikakuta picha yako, na tai shingoni.

Hivi huyo askari umemtoa wapi, na wewe ulikuwepo siku ile Baba anabandika mkono? Au msomi wa ng'ambo haoni fahari kuzaliwa na mwashi?

Mama hajui kusoma. Kila akiuliza nani kaandika upuuzi ule, namjibu sijui. Ukija, utamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
binti wa mwashi.