Meza ya Wakenya

Gikondo, Kigali, Novemba 1992

Dada Zuhura,

Shikamoo. Lori bado liko gereji, na mvua ya huku ina baridi ya kuingia mifupani. Jioni hula mishikaki na viazi kwenye mkahawa wa jirani. Mhudumu wake, Konsolata, ndiye mtu pekee aliyekuwa akizungumza nami.

Juzi waliingia Wakenya watatu waliokuja kutembea, kamera shingoni. Nilivyokuwa na hamu ya Kiswahili cha kwetu, nikahamia mezani kwao. Wakamwita Konsolata kwa kupiga makofi: "Wewe, leta chai, haraka." Alipouliza, "Na sukali?" wakamwiga, wakacheka.

Nikasema, "Ndugu zangu, mkisema 'naomba' chai haitapoa."

Mmoja akanigonga bega. "Ndiyo maana nyinyi Watanzania hamfiki popote. Kuomba tu."

Nikarudi mezani kwangu. Konsolata aliniletea chakula bila kunitazama. Nikamshukuru. Akajibu taratibu, "Nyinyi watu ya Kiswahili muko sawasawa tu."

Nilitaka kumweleza kwamba niliwakanya, lakini alikuwa ameshaniona nimekaa nao. Wakenya wameshaondoka. Jana na leo anaweka sahani na kwenda zake.

Siku kadi hii ikifika, mkikaa kula na mama, nitajeni kwa jina langu, hata kama ni kwa kunisengenya. Huku mimi ni Mtanzania tu, au 'watu ya Kiswahili'.

Mungu awatunze, dada yangu.

Mdogo wako,
Salehe