Sifa ya Baba

Malindi, 4 Juni 1966

Mdogo wangu Qali,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila mafua ya mvua. Baba yetu Aabo hajambo? Mama Hooyo na mgongo wake? Bibi Ayeyo bado anagombana na kuku wa jirani?

Nina habari utakayodhani nimeitunga. Karakana yetu imeacha kutengeneza vitanda. Mgeni mmoja wa hoteli alikuja na ubao wa kusimama juu ya wimbi, akatuambia kwao kuna kitabu kinachoandika kila kitu kilicho kikubwa kuliko vyote duniani. Fundi Noordin akamwuliza, "Na ubao kama huu, mkubwa kuliko wote, umebeba watu wangapi?" Mgeni akakisia kumi na wawili. Tangu siku hiyo mtaa mzima umeshikwa na jambo hilo. Tunaunga mbao za msufi ziwe ubao mmoja wa watu arobaini, wote wasimame juu ya wimbi moja mpaka ufukweni. Wanawake wanasokota pamba ya kuziba nyufa.

Kazi yangu ni kuupaka mafuta ya papa, yale wanayoyaita sifa, maji yasipenye. Unaujua ulimi wetu, kila p huigeuza b. Jana nilisema, "Nileteeni sifa ya baba." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Haya, msifu," akasema Noordin, "tunasikiliza."

Nimepewa nafasi katika wale arobaini. Niombee radhi kwa Aabo.

Kaka yako,
Abdille


Garissa, 23 Juni 1966

Kaka yangu Abdille,

Waaleikum salaam. Aabo hajambo, anakusalimu. Hooyo anakusalimu, mgongo ni ule ule. Ayeyo amewashinda kuku. Mimi nasoma. Siku hizi kabla jua halijazama lazima wote tuwe ndani, na taa haturuhusiwi, kwa hiyo naushika mwanga wa mlangoni mpaka herufi zinaniponyoka.

Hooyo anauliza kwa nini nakuandikia kwa lugha ya askari. Nilimwambia lugha yetu bado haina herufi zake. Akasema, "Basi hao askari wanaofungua barua wasalimie pia."

Barua yako niliwasomea nikiigeuza Kisomali, na hapo ndipo nilipoharibu. Ubao niliuita looh, sikupata neno jingine. Aabo aliweka kikombe chini. "Looh? Watu arobaini wanakanyaga looh?" Unaikumbuka ile yake iliyotundikwa ukutani, aliyojifunzia Kurani utotoni. Hata kuiegemea haturuhusiwi. Wino wake ulipooshwa, yale maji walikunywa. Nilijaribu kumweleza kwamba huu ni ubao mwingine, lakini kila neno nililolipata lilirudi kwenye looh. Akasema, "Mwandikie asiweke mguu wake hapo."

Nimeandika kama alivyosema. Nisamehe kwa lile neno.

Mdogo wako,
Qali


Malindi, 5 Julai 1966

Mdogo wangu Qali,

Assalaam aleikum. Afya ninayo. Nawaombea nyote, na wanyama pia.

Usisikitike. Mwambie Aabo kwamba hakuna aya juu yake wala herufi moja. Mwambie ni kama mlango mkubwa uliong'olewa ukalazwa juu ya maji.

Noordin ananiambia, "Baba yako yuko Garissa. Nani atamwambia?" Nilimjibu kwamba mimi nitajua. Sitapanda bila neno lake. Lakini fahamu, Qali, tumeshapangwa kwa uzito. Mahali pangu ni nyuma kabisa, kulia. Tulipojaribu bila mtu pale, ubao uliinama na wote wakamwagika kama mahindi.

Kaka yako,
Abdille


Garissa, 24 Julai 1966

Kaka yangu Abdille,

Waaleikum salaam. Sote wazima.

Aabo aliondoka jana alfajiri kwenda Balambala pamoja na Mahat, yule jirani yetu. Tumeamriwa mifugo yote iletwe karibu na mji, na ngamia wetu wako huko. Nilimsomea barua yako akiwa amesimama, viatu miguuni. Nilipofika kwenye neno mlango alicheka. "Kumbe ni mlango." Pale pa sifa ya baba, katika ile barua ya kwanza, aliniambia nisome mara mbili.

Nikamwuliza, "Basi apande?"

"Neno la mtu aliyevaa viatu si neno," akasema. "Nitajibu nikirudi."

Atarudi Ijumaa.

Mdogo wako,
Qali


Malindi, 20 Agosti 1966

Qali,

Assalaam aleikum. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ubao uko tayari ufukweni, watoto wanalala kivulini mwake. Noordin anasema pepo za kusi zikilegea hatutapata wimbi tena mpaka mwakani. Kila asubuhi wananitazama mdomo.

Aabo amejibu? Redio inasema kuna mapigano huko, sitaki kuiamini. Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Abdille


Garissa, 6 Septemba 1966

Kaka yangu Abdille,

Waaleikum salaam. Hooyo anakusalimu. Ayeyo anakusalimu. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilikwama hapa kwenye salamu, kwa sababu tumezoea kuanza na mwingine.

Mahat amerudi kwa miguu. Ngamia hawapo. Amekuja na fimbo ya Aabo na birika lake la kutawadhia. Alimzika mwenyewe karibu na mto. Risasi ilikuwa ya nani hakuona, na anachodhani sitakiandika. Hooyo amevaa nyeupe, anakaa eda. Sikujua nikuandikieje, ndiyo maana nilinyamaza.

Nilimwuliza Mahat kama njiani Aabo alitoa neno kuhusu ubao. Angeweza kunipa uongo mzuri, ni mtu mwema. Akasema, "Aliutaja ule mlango, akacheka. Zaidi ya hapo, hapana."

Kwa hiyo jibu lake sinalo. Nilimwambia Hooyo kwamba Abdille bado anangoja ruhusa.

"Mwambie wa kuombwa ruhusa sasa ni yeye," akasema.

Basi mimi ndiye wa kwanza kukuomba. Usimwache mtu mwingine asimame mahali pako. Na kabla hamjaushusha ubao majini, upake mara moja zaidi. Wakikuuliza unataka nini, litamke jina la yale mafuta kama ulimi wetu unavyolitamka. Wakicheka, waache. Hutakuwa umekosea.

Mdogo wako,
Qali